Maputo ya intaneti ya Loon: maswali ambayo watu hawachoki kuuliza

Tangu Loon ifungwe 2021 maswali hayajaisha, kila mtandao ukisumbua kule kijijini lazima mtu atakumbuka "yale maputo ya Google" na kuuliza yalienda wapi, na kila mtu ana jibu lake, mwingine anasema yalipigwa na radi, mwingine anasema serikali iliyakataa, mwingine anasema bado yako huko juu yanatuangalia. Nimekusanya hapa maswali ninayokutana nayo sana, nimejibu mengine kwa kirefu na mengine kwa mstari mmoja maana hayahitaji zaidi.

Loon ilikuwa nini hasa?

Ulikuwa mradi wa Google, ukizaliwa kwenye ile karakana yao ya mambo ya ajabu ajabu inayoitwa X, kazi ilianza 2011 na dunia ikaambiwa Juni 2013. Wazo ni rahisi kulisema: badala ya kujenga minara elfu moja kwenye milima na majangwa, unachukua vifaa vya mnara wa simu, unavipunguza uzito, unavifunga chini ya puto kubwa, unalirusha juu sana na linawamwagia watu wa chini mtandao. Julai 2018 Loon ikatolewa kwenye karakana ikawa kampuni kamili chini ya Alphabet, ambayo ndo mzazi wa Google. Mwezi huohuo ikatangazwa kwamba wateja wake wa kwanza wa kibiashara watakuwa kampuni ya simu ya Telkom Kenya. Kenya! Sio Marekani, sio Ulaya.

Yalikuwa juu kiasi gani? Mbona mimi sikuwahi kuliona hata moja?

Kama kilomita 20 hivi. Ndege ya abiria inaruka kilomita 10 hadi 12, Kilimanjaro yenyewe haifiki kilomita 6, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Huko ndiko wanakoita stratosfia, juu ya mawingu ya mvua na juu ya njia za ndege, hewa ni nyepesi mno na baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 90 chini ya sifuri. Puto lenyewe lilikuwa la plastiki ya polithini, likijaa linakaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi, lakini kwa umbali huo ukiwa umesimama Nakuru utaona kidoa cheupe tu kama anga iko safi na macho yako ni mazuri na unajua pa kuangalia. Wengi waliyaona kwenye simu badala ya angani, maana yalikuwa na vifaa vya kujitambulisha kama ndege, ukifungua Flightradar24, ile app ya kufuatilia ndege, unakuta vidude vimeandikwa HBAL vinazunguka polepole juu ya Bonde la Ufa. Hapo ndo maswali mengi yalipoanzia kwa kweli.

Yalirushwa kutoka wapi? Eldoret?

Hapana. Watu wengi wanashtuka wakisikia hili, maputo ya Kenya yalirushwa Marekani, mengine Nevada mengine kisiwa cha Puerto Rico, halafu yakasafiri kwa upepo kuvuka bahari mpaka kufika kwetu. Hakuna injini, hakuna panga la kusukuma, ni upepo tu. Kurusha kwenyewe kulikuwa na mtambo maalum, mkubwa kama jengo, una kuta za kukinga upepo pembeni ili puto lisichanike likiwa linajazwa gesi, na waliufikisha mahali pa kurusha puto moja kila nusu saa.

Na kabla ya hapo kuna vita vya kuzuia plastiki isivuje. Puto likiwa na tundu dogo sana usiloweza kuliona linaishiwa nguvu baada ya siku chache badala ya miezi. Mainjinia walichunguza mpaka soksi za wafanyakazi wanaotembea juu ya plastiki kiwandani, wakakuta kwamba soksi laini za manyoya zinapunguza matundu. Kampuni ya mabilioni, imekwama kwenye soksi! Lakini walifika, puto lililokaa sana lilimaliza siku 312 angani, lilirushwa Puerto Rico Mei 2019 likashuka Mexico Machi 2020.

Sasa kama hakuna injini, upepo si ungeyapeleka tu Somalia na Bahari Hindi?

Hili ndo swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndo sehemu iliyonifanya mimi niupende huu mradi.

Huko stratosfia upepo umejipanga kwa matabaka. Kwa kilomita 18 unaweza kukuta upepo unaenda magharibi, panda kidogo unakuta unaenda kaskazini, panda tena unakuta unarudi mashariki. Kwa hiyo puto halihitaji usukani, linahitaji kujua kupanda na kushuka. Ndani ya puto kubwa kuna chumba kingine cha hewa, pampu ikiingiza hewa ya nje puto linakuwa zito linashuka, ikiitoa linapanda, na hiyo pampu inaendeshwa na umeme wa sola. Basi, ni kama mtu anayengoja matatu stejini, ikija inayoelekea kwake anapanda, ikikata kona anashuka anangoja nyingine.

Shida ni kujua matatu ipi iko wapi, maana utabiri wa upepo wa huko juu sio sahihi sana. Mwanzoni mpango ulikuwa kuyaacha maputo mengi yazunguke dunia kama mkufu, moja likitoka juu ya kijiji chako lingine linaingia, ambayo ilimaanisha mamia ya maputo. Kufikia 2017 wakatangaza kwamba programu zao zimekuwa hodari kiasi kwamba maputo machache yanaweza kubaki juu ya eneo moja yakizungukazunguka, sio mamia tena bali makumi. Baadaye wakaleta akili mnemba inayojifunza yenyewe kwa kujaribu na kukosea, wakaijaribu juu ya Bahari Pasifiki, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature mwishoni mwa 2020, na ikaonekana ile mashine inakaa karibu na kituo vizuri kuliko programu iliyoandikwa na binadamu. Sasa angalia tarehe. Desemba 2020 jarida, Januari 2021 kampuni inafungwa.

Intaneti yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwa satelaiti?

Hapana, ilitoka ardhini. Telkom wana netiweki yao ya kawaida iliyounganishwa na nyaya za chini ya bahari zinazoingia Mombasa kama kampuni zingine. Kutoka hapo data inaenda kwenye antena kubwa ya ardhini, antena inairusha kwa puto lililo karibu, puto hilo likiwa na majirani linawapasia, wale majirani nao wanawapasia wengine, na mwishoni puto lililo juu yako linaishusha moja kwa moja kwenye simu yako. Ndo maana huhitaji antena ya ardhini kila mahali. Mwaka 2018 walijaribu kupasiana hivo kupitia maputo 7 wakafika kilomita 1,000, na maputo mawili tu yakaweza kuongea yakiwa yameachana kilomita 600. Puto moja lilihudumia duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 40 hivi.

Kuelekeza miali kati ya vitu viwili vinavyopeperushwa, vyote vinatikisika, vimeachana mamia ya kilomita... mimi hapo huwa navua kofia.

Nilihitaji kununua dishi ama kifaa gani?

Hakuna. Simu ya 4G na laini ya Telkom, ukishakuwa navyo simu ilijiunga yenyewe na ungeweza kutumia puto siku nzima bila kujua. Lakini soma hiyo sentensi tena maana ndo iliyobeba shida yote, nitairudia chini: simu ya 4G, NA laini ya Telkom.

Ilikuwa na kasi ama ni ya kutuma meseji tu?

Ilikuwa na kasi nzuri. Kwenye majaribio ya mwisho mwisho wa Juni 2020 walipima kushusha 18.9 Mbps, kupandisha 4.74 Mbps, na ucheleweshaji wa milisekunde 19. Hiyo ni video, ni WhatsApp call, ni YouTube bila kukwama. Linganisha na satelaiti za zamani zilizo kilomita 36,000 juu ambapo ukisema "halo" lazima ungoje zaidi ya nusu sekunde kabla jibu halijarudi. Ila hizo ni namba za kipimo kizuri mahali pazuri, puto likisogea ama upepo ukikataa kasi inashuka, ama huduma inapotea kabisa mpaka lingine lifike, na wenyewe walisema wazi tangu mwanzo kwamba upepo na hali ya hewa vitaleta mapengo. Pia umeme wote ni wa jua, usiku puto linaishi kwa betri na hiyo betri ina kazi nyingi.

Kabla ya Kenya yalifanya kazi wapi?

Majaribio ya kwanza yalikuwa New Zealand 2013, kisiwa cha kusini, maputo kama 30. 2014 wakajaribu kwenye shule moja ya mashambani kaskazini mashariki mwa Brazil na hapo ndo wakaanza kutumia mawimbi ya simu yenyewe, ya LTE yaani 4G, mwanzoni ulihitaji antena ya pekee nje ya nyumba. Halafu yakaja maafa. Peru 2017 mafuriko makubwa, wakashirikiana na kampuni ya simu ya Telefónica. Septemba 2017 kimbunga Maria kikapiga Puerto Rico kikaangusha karibu minara yote, mwezi uliofuata Loon wakapewa ruhusa wakaingia na AT&T na T-Mobile na wakaunganisha zaidi ya watu 200,000.

Mimi naona hapo ndipo puto lina nafasi yake hasa. Mnara umeanguka, barabara imekatika, watu wanatafutana, wewe unaleta mtandao kutoka juu bila kugusa ardhi. Na simu wanazo tayari.

Kenya ilianza lini, na mbona ilichukua miaka miwili?

Ilitangazwa Julai 2018, ikaanza rasmi tarehe 7 Julai 2020. Katikati ni vibali. Vitu kama hivi vinapita kwenye anga ya nchi nyingi kabla vifike, kila nchi ina mamlaka yake ya anga, na puto likipotea njia halina breki, linaingia kwa jirani bila kubisha hodi. Uganda kwa mfano nao ilibidi wasaini makubaliano ya kuruhusu maputo yapite juu yao. Kwetu vibali vya mwisho vilisukumwa na korona, Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba serikali imeidhinisha maputo ili watu waweze kufanya kazi na kusoma kutoka nyumbani. Kufikia siku ya uzinduzi tayari watu 35,000 hivi walikuwa wamepitia kwenye maputo wakati wa majaribio, wengi bila habari.

Yalihudumia maeneo gani?

Maputo kama 35, eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, magharibi na katikati ya Kenya: Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho, Narok.

Haya, mbona sio Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit? Hao si ndo hawana mtandao?

Swali hili liliulizwa sana 2020 na lilikuwa halali. Ukiangalia ile orodha hapo juu, Nakuru na Kisumu na Eldoret sio sehemu zilizosahaulika, ni miji, na Safaricom iko kila kona. Ni kweli ukitoka mjini ukaingia ndani ndani Baringo ama Narok unakuta mashimo ya mtandao, mabonde ambayo mnara ukiwekwa upande mmoja wa kilima upande wa pili wanakaa gizani, na hapo puto linasaidia kwa sababu linaangalia kutoka juu. Pia biashara ni biashara, unaanzia penye watu wenye simu.

Lakini ndo tunarudi kwa ile sentensi. Mtu wa Loima kule Turkana ama wa Laisamis kule Marsabit ambaye hajawahi kuwa na mtandao, tatizo lake la kwanza ni nini? Hana simu ya 4G, ana katochi, ile simu ndogo ya vitufe. Ya pili, hana pa kuchaji. Ya tatu, hata akipata simu, hela ya bando inashindana na unga. Ya nne, laini yake ni ya Safaricom kwa sababu ya M-Pesa, na huwezi kumwambia mtu aache M-Pesa kwa sababu kuna puto. Sasa unaweza kupaki maputo hata 100 juu yake, anga itajaa 4G na simu yake haitajua. Kwa maoni yangu hiyo ndo iliyoua Loon zaidi ya upepo: teknolojia ilifika kwa mtu ambaye tayari alikuwa karibu kufikiwa na kampuni zingine, na yule wa mbali kabisa hakuwa na cha kuipokelea.

Kwa hiyo ndo maana ilifungwa? Nilisikia serikali iliwafukuza.

Serikali haikumfukuza mtu. Tarehe 21 Januari 2021 Alphabet wenyewe walitangaza wanafunga, na Kenya huduma ikazimwa Machi 2021, hata mwaka haukufika. Sababu waliyotoa ni gharama, kwamba washirika walipatikana lakini hawakupata njia ya kushusha gharama kiasi cha biashara kujiendesha kwa muda mrefu.

Ukitaka kuelewa gharama, fikiria hivi. Mnara ukishaujenga unakaa miaka 20, unaubadilishia tu vifaa. Puto linakaa angani miezi michache halafu linashuka, kwa hiyo kila baada ya miezi hiyo unatengeneza plastiki nyingine, unajaza gesi tena, unarusha tena kutoka bara lingine, unatuma watu wakaokote lililoanguka, na unalipa chumba kizima cha watu wanaofuatilia anga saa 24. Na mapato? Ni sehemu ya bando la shilingi 50 la mteja wa Telkom, kampuni ambayo kwa ukubwa iko nyuma ya Safaricom na Airtel. Wakati huohuo minara nayo inashuka bei na inasogea mashinani kila mwaka, kwa hiyo soko la puto linapungua huku puto likiwa bado ghali. SoftBank ya Japani walikuwa wameweka dola milioni 125 mwaka 2019, na wawekezaji wa nje wakaacha kujitokeza baada ya hapo.

Kitu kimoja kiliuma ni haraka yake. Telkom walikuwa wametangaza kwa mbwembwe, watu wameambiwa wanunue laini, halafu miezi minane baadaye giza. Kule Msumbiji ilikuwa mbaya zaidi, Vodacom walikuwa wametangaza Mei 2020 kwamba maputo yatahudumia Cabo Delgado na Niassa, mikoa ambayo ilihitaji kweli, na mradi ukafa kabla ya kuanza.

Vifaa na pesa vilienda wapi?

Hataza (haki za uvumbuzi) karibu 200 zikachukuliwa na SoftBank. Raven, kampuni ya Marekani iliyokuwa inatengeneza maputo yenyewe, ilibaki na sehemu ya teknolojia, na kitengo chake cha maputo, ambacho kiliuzwa baadaye na sasa kinaitwa Aerostar, kinaendelea kurusha maputo kwa kazi zingine. Google pia waliahidi mfuko wa dola milioni 10 kwa mashirika na biashara za Kenya za mtandao, elimu na ujasiriamali.

Ila mtoto aliyebaki hai ni Taara. Unakumbuka niliposema maputo yanapasiana data? Kati ya njia walizojaribu kulikuwa na mwanga, miali myembamba isiyoonekana, inafanya kazi kama ile nyaya ya faiba lakini bila nyaya. Wakaishusha chini wakaiweka kwenye minara. Inafika hadi kilomita 20 na kasi ya hadi gigabiti 20 kwa sekunde, Kenya walianza kuitumia pamoja na Liquid Telecom, na mwaka 2021 wakavusha mtandao juu ya Mto Kongo kutoka Brazzaville kwenda Kinshasa. Miji hiyo miwili inatazamana, kutoka kifaa hadi kifaa ni kilomita 4.8 tu, lakini faiba ilikuwa inazunguka zaidi ya kilomita 400 kwa sababu mto ule ni mpana, una kina na mkondo wake ni mkali, na bei ya intaneti upande wa Kinshasa ilikuwa juu mara 5. Ukungu unaisumbua hiyo Taara, usije ukadhani ni muujiza, lakini Machi 2025 ilitoka X ikawa kampuni yake inayojitegemea.

Yalikuwa yanashukaje? Yalikuwa yanaanguka tu?

La, kwa kawaida yalishushwa. Wanaachia gesi polepole, wanawaambia waongoza ndege wa eneo hilo, kuna parachuti, na wanachagua mahali pasipo na watu. Mengine yalikosea njia kama kawaida ya dunia, 2014 kuna moja lilitua jangwa la Karoo Afrika Kusini kwenye shamba la mfugaji wa kondoo, familia ikabaki inashangaa plastiki kubwa namna hiyo imetoka wapi.

Nikiokota kitu kama hicho leo shambani?

Leo sio Loon tena lakini maputo ya hali ya hewa na ya utafiti bado yapo. Usikate, usichome, usikae unavuta gesi, usifungue betri. Toa taarifa kwa chifu ama kituo cha polisi kilicho karibu, na kama kuna kibandiko cha namba piga hiyo namba. Najua plastiki ni nzuri ya kufunika nyanya, lakini subiri kwanza mwenyewe apatikane.

Tuwe wakweli, yalikuwa ya ujasusi?

Swali hili lilipoa halafu likafufuka Februari 2023 Wamarekani walipoangusha puto la Wachina kwa ndege ya kivita, na watu wakasema si mnaona. Sikia, puto linaweza kubeba kamera, hilo ni kweli kama ndege inavyoweza kubeba kamera. Lakini Loon yalikuwa yanajitangaza kwenye Flightradar, yana vibali vya mamlaka ya anga, na data yako ilikuwa imefungwa kwa usimbaji ikipita hapo na kuishia Telkom, sawa na ingepita kwenye mnara wao wa kawaida. Mtu anayetaka kujua unachofanya na simu ya Android yenye Gmail na Maps hahitaji kurusha puto. Tayari unamwambia.

Na ile mionzi? Walisema ni 5G inaleta korona.

Yalikuwa 4G. Na mnara ulio mita 200 kutoka nyumbani kwako unakufikia kwa nguvu zaidi ya puto lililo kilomita 20.

Starlink si ndo Loon iliyofaulu?

Kuna kufanana na kuna tofauti kubwa. Satelaiti za Starlink ziko kama kilomita 550 juu, zinazunguka dunia kwa kasi, ni maelfu, na upepo hauzihusu. Kenya iliingia Julai 2023. Kwa uhakika wa huduma inaishinda Loon mbali sana, hata shule ya jangwani Marsabit ikiweka leo inapata mtandao leo. Lakini lazima ununue dishi, ilipoanza lilikuwa karibu shilingi 89,000 na bili ya mwezi 6,500, bei zikashuka baadaye na vifurushi vidogo vikaja, ila bado hiyo ni ya shule, zahanati, lodge ama familia yenye uwezo. Loon ilikuja kwenye simu ya mfukoni bila dishi, hilo Starlink ya kawaida haifanyi. Wanachofanya watu wengi saa hizi ni kuchangishana, mmoja anaweka dishi kwenye duka, wengine wananunua vocha za wifi za shilingi 10 ama 20. Hiyo kwangu naiona ni akili kuliko zote zilizotajwa kwenye ukurasa huu, na haikuvumbuliwa California.

Kuna mtu alisema Zanzibar pia ina maputo?

Mwaka 2021 kampuni inaitwa World Mobile ilitangaza mpango wa maputo Zanzibar, lakini aina nyingine kabisa: puto limefungwa kwa kamba ardhini, mita 300 tu juu, linafanya kazi kama mnara mrefu sana. Halipeperuki na halihitaji akili mnemba ya kusoma upepo, likiharibika unalivuta chini unalitengeneza. Shida yake ni dhoruba, na kamba ikikatika una kazi.

Kwa hiyo stratosfia tumeachana nayo?

Hapana, na hapa Wakenya wengi hawana habari. Laikipia kuna kituo cha AALTO, kampuni iliyo chini ya Airbus, wanarusha kitu kinaitwa Zephyr. Sio puto, ni ndege isiyo na rubani, mabawa mita 25 lakini uzito haufiki kilo 75, inakula jua mchana na betri usiku, inaruka kulekule zilikokuwa Loon. Kwa kuwa ina mapanga yake haibembelezi upepo. Februari 2025 moja ilipaa kutoka hapo Laikipia ikakaa angani siku 67 mfululizo, rekodi kwa ndege ya aina hiyo, ikamaliza safari yake juu ya Bahari Hindi mwishoni mwa Aprili. Walituchagua kwa sababu tuko kwenye ikweta, jua ni la uhakika mwaka mzima, usiku hauwi mrefu. Na lengo ni lilelile, kushusha mtandao moja kwa moja kwenye simu ya kawaida. Wenye pesa nyuma yake ni pamoja na Wajapani wa kampuni ya simu ya NTT Docomo.

Nitawaamini kuhusu kuruka, hilo wameshaonyesha. Ninachongoja kusikia ni bando litakuwa shilingi ngapi, laini ya nani, na kama wamepanga lolote kuhusu simu.

Naweza kutengeneza puto langu nihudumie kijiji chetu?

Utahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwa kurusha, leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa mawimbi, na gesi ambayo bei yake itakufanya ulie. Weka mlingoti mrefu juu ya kilima, sola, na wifi ya kuelekezwa kutoka mji ulio karibu, inafika kilomita 20 ama 30 bila shida kama hakuna kilima katikati. Nayo pia inataka leseni, lakini hii angalau unaipanda na ngazi kuitengeneza.